Kaka Othman na Mazoezi ya Asubuhi

Simu ya wifi yangu Habiba iliingia nikiwa Kinanie, pembeni mwa uwanja, nikikata machungwa ya wachezaji wakati wa mapumziko. Mikono yangu ilikuwa imelowa, nikamwomba Nthambi, mlinda lango wetu, anishikie simu sikioni. Kwa hiyo habari ile tuliisikia watu wawili.

"Maryam, uko wapi?"

"Niko Kinanie na timu. Bado ni sufuri kwa sufuri."

Habiba akasema, "Ndugu yako amerudi kwa Mola wake. Saa tatu na nusu asubuhi. Rudi nyumbani, lakini usikimbie."

Nilisema inna lillahi wa inna ilaihi raji'un nikiwa bado nimeshika kisu. Nthambi ni Mkristo, maneno hayo hakuyajua, lakini alijua mimi nina ndugu mmoja tu.

"Meneja, ni mwalimu?"

"Ndiye."

Wachezaji walikuwa wameketi kwenye nyasi wakisubiri machungwa. Kaluki, nahodha wao, alisimama akaja. Aliponitazama tu uso hakuuliza kilichotokea. Aliuliza, "Mazishi ni lini? Wiki ijayo?"

"Ni leo. Baada ya sala ya alasiri."

"Aiya. Leo leo?"

"Meneja, hata sanduku haijanunuliwa," akasema Lavender, mshambuliaji.

"Sisi hatuziki na sanduku."

"Kwetu hata mtu akizikwa haraka ni wiki moja," Kaluki alisema. Alikuwa akisugua jezi yake kana kwamba ina doa. "Nilikuwa nimepanga kuenda kumwona Jumatatu. Kila Jumatatu nilikuwa napanga."

Refa akapiga filimbi. Walirudi uwanjani, maana timu ikitoka kabla ya dakika tisini inanyang'anywa alama, nami nikaanza safari ya kurudi Machakos. Njiani nzima nilifikiria neno moja nililolitamka mwezi wa Juni mwaka jana, na jinsi nilivyokuwa nimepanga na mimi kwenda kulirekebisha. Kila Jumatatu, kama Kaluki.

Nitaeleza kaka yangu alikuwa nani, ndipo neno hilo lieleweke.

Jina lake ni Othman Ramzi. Babu yetu alitoka pwani akaja Machakos kupika katika nyumba za Wahindi, akaoa huku, akabaki. Sisi ni watu wa mji huu. Kikamba tunakijua, na makaburi ya wazee wetu yako hapa. Othman alinizidi miaka tisa. Alipokuwa kijana alicheza winga ya kulia mpaka goti likamshinda, akajifunza kushona viatu kwa baba yetu. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, na mbele yake palikuwa na benchi refu ambalo wateja walikaa wakisubiri, na wengine wengi walikaa bila kiatu cha kushonwa.

Timu ilianzia kwenye benchi hilo. Kaluki alikuwa na miaka kumi na mitatu alipomletea mpira wa shule uliopasuka. Kaka alimuuliza nani aliupasua, akasema ni yeye, kwa shuti. Kaka hakuamini. Aliushona, akautia upepo, wakatoka nyuma ya soko, Kaluki akaupiga tena ukutani. Jioni hiyo Othman aliniambia, "Maryam, nimeona mguu." Miezi michache baadaye alikuwa na wasichana kumi na wanne. Aliwaita Nyuki Queens, kwa sababu jezi za kwanza alizopewa zilikuwa za manjano na mistari myeusi. Mimi alinifanya meneja. Umeneja wenyewe ulikuwa kufua jezi, kubeba maji na machungwa, kufunga vidonda, na kusikiliza. Wasichana hawakumwambia mwalimu kila kitu. Yeye ni mwanamume, tena mtu mzima. Waliniambia mimi, nami nikampelekea.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaiona kwa mwingine. Alisoma viatu. Kila Jumapili wachezaji walimletea viatu vya mpira avitazame, naye alivigeuza soli juu, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya plastiki.

"Kaluki, mguu wa kulia umeanza kuogopa. Uliumia lini?"

"Sijaumia, mwalimu."

"Uliumia. Tazama, unakanyagia ukingo."

Na kweli, Kaluki alikuwa ameteguka akificha. Othman alikuwa akisema, "Mtu atakudanganya, soli haisemi uongo." Kwa miaka kumi hakukosea, au kama alikosea hatukujua.

Mwaka jana tulianza ligi vizuri kuliko wakati wowote. Mechi tisa, tulishinda saba. Mjini watu waliokuwa wakicheka timu ya wasichana walianza kuuliza tunacheza lini.

Kisha Ramadhani ikaingia. Mazoezi yetu siku zote yalikuwa saa kumi jioni. Othman aliona kwamba akiwa amefunga, hiyo saa kumi itamkuta hana nguvu, na wakati wa kufuturu utamkuta uwanjani. Akahamisha mazoezi yawe saa kumi na mbili asubuhi, mara tu baada ya alfajiri, kwa mwezi huo mmoja.

Wasichana walinijia siku ya tatu. Kaluki anauza mboga, na lori la sukumawiki kutoka Katelembo huingia sokoni kabla ya jua kutoka. Ilibidi aamke saa tisa na nusu apokee mzigo, apange, amwachie jirani, ndipo aje mazoezini. Nthambi anapika chapati na chai katika hoteli, na hoteli inafunguliwa asubuhi. Mutanu, beki wetu, anakamua ng'ombe. Karibu wote kazi zao ni za asubuhi.

"Meneja, utuongelee kwa mwalimu arudishe saa kumi," Kaluki alisema. "Sisi hatuwezi. Amefunga, tukimsumbua ni dhambi."

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Mara ya kwanza nilijiambia kwamba mtu aliyefunga hafai kubebeshwa malalamiko. Hiyo ilikuwa kweli kidogo. Kweli yenyewe ni kwamba Ramadhani ile nilikuwa nimeanza kukaanga sambusa na kaimati za kuuza jioni, na biashara ilishika. Mazoezi yakirudi saa kumi, sambusa zangu zingekaangwa na nani? Asubuhi ilinifaa mimi. Wasichana walipoulizia tena, nikawaambia, "Nimemwambia. Amesema mngoje."

Siku ya Idi wote walikuja nyumbani kwa Othman kula pilau, kama kila mwaka. Walikuwa kwenye baraza, Lavender akiwachekesha, nami nilikuwa jikoni na Habiba. Othman akaja akasimama mlangoni.

"Maryam, nenda ukawaulize wasichana. Asubuhi inawafaa, ama turudi saa kumi?"

Nilitoka mpaka barazani. Nilijua nikiuliza, Kaluki atasema mbele ya kila mtu, "Lakini meneja, si ulisema umemwambia?" Nikasimama pale na sahani ya kachumbari. Nikamwongezea Nthambi kachumbari. Nikarudi jikoni.

"Inawafaa," nikamwambia kaka yangu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hewa ya asubuhi ni nzuri kwa kifua."

Basi yakabaki asubuhi. Othman aliamini wasichana wameyataka. Wasichana waliamini Othman ameambiwa na amekataa. Katikati nilikuwa mimi na karai langu la mafuta.

Tulipoteza mechi sita mfululizo. Si kwamba hawakujua kucheza. Kipindi cha kwanza walicheza, cha pili miguu ikawa mizito kama wanatembea kwenye mto. Tulipocheza Syokimau, Nthambi alisinzia ameegemea nguzo ya goli wakati mpira uko upande wa pili. Mpira ukaja ukapita. Vijana wa pale hawakumwachia.

"Niaje, goalie? Tukuletee godoro?"

"Mnyamazieni, ataamka! Mtoto akiamka analia."

Nthambi aliingia wavuni kuuchukua mpira.

Mjini kulikuwa na swali moja tu, na swali hilo lilikaa kwenye benchi la kaka yangu kila siku. Macharia, muuza viazi, ndiye aliyelipenda zaidi.

"Othman, ugali ikiungua, tulaumu unga ama mpishi?"

"Unga," akajibu mteja mmoja. "Hawa wasichana wamepata jina, sasa hawataki kukimbia."

"Wewe umewahi ona unga ikijipika? Ni mpishi. Mpishi amezeeka."

"Na kama kuni ni mbichi?" akauliza mzee mmoja aliyekuwa akisubiri ndala.

Walimcheka yule mzee. Othman, sindano mdomoni, alimwambia Macharia, "Lete kiatu. Nikimaliza na mdomo pia nitakushonea." Wakacheka tena, naye akacheka. Lakini nilimjua. Hakuwa akila vizuri siku hizo. Presha aliyokuwa nayo kwa miaka ilikuwa imepanda.

Jumapili moja ya mwezi wa tano aliniita kibandani. Alikuwa amepanga jozi kumi na moja za viatu, soli juu.

"Tazama. Miezi miwili, na soli bado mpya. Hawakimbii, Maryam. Mimi ninaamka, ninaswali, ninawahi uwanjani, na wao wananitembelea tu."

"Labda wamechoka."

"Wamechoka na nini? Saa kumi na mbili mtu ametoka kitandani."

Kaluki saa hiyo huwa ameshakuwa macho kwa zaidi ya saa mbili na ameshabeba magunia sita. Mimi nilijua. Nilisema, "Sijui."

"Soli haisemi uongo," akasema.

Hapo na yeye alikosea, na ninaandika hili kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa bure. Soli ilimwambia kwamba hawakimbii. Haikumwambia kwa nini. Hilo angewauliza wenyewe, na hakuwauliza. Aliamini viatu, na aliniamini mimi.

Wiki hiyo redio moja ya hapa ilimpigia simu baada ya timu kufungwa mabao manne. Aliulizwa tatizo ni nini. Akasema, "Wachezaji wangu wamelala. Mimi siwezi kuwaingilia miguuni niwakimbilie." Kaluki aliyasikia sokoni, redio ikiwa juu ya sanduku la nyanya, watu wamejaa. Tangu siku hiyo wasichana walipita njia ya juu wasipite mbele ya kibanda. Walikuja mazoezini, wakafanya walichoambiwa, wakaondoka. Viatu hawakuleta tena, isipokuwa Nthambi.

Mwezi wa Juni mwenyekiti wa klabu, Mzee Kimotho, alituita dukani kwake. Ana hadiwea, tukakaa kwenye mifuko ya simiti na makopo ya rangi. Kaka yangu alikaa karibu na mlango. Kaluki aliwakilisha wachezaji, na kuanzia mwanzo hadi mwisho alitazama chini.

"Mimi nauza misumari," Kimotho alisema. "Msumari ikipinda, watu wawili wanabishana. Mmoja anasema ni msumari, mwingine anasema ni nyundo. Mimi sitaki mbishano. Nataka neno moja. Ni wachezaji ama ni kocha?"

Kaluki aliulizwa kwanza. Akasema, "Sisi tulisema yetu. Hatukusikizwa." Othman alimtazama kana kwamba amesikia lugha nyingine. Alifungua mdomo aulize, lakini Kimotho alikuwa ameshanigeukia mimi.

"Maryam, wewe uko karibu na wote. Usipendelee ndugu yako."

Ningeweza kusema pale. Sentensi mbili zingetosha: wasichana waliomba saa kumi, na mimi sikufikisha. Nilimwona Kaluki ananitazama. Niliona kwamba nikisema wachezaji, atasimama na kueleza yote. Nikisema kocha, hapatakuwa na cha kueleza, na watu watanisifu kwamba sikupendelea ndugu.

"Kocha," nikasema.

Kaka yangu hakujitetea. Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Alisimama akachukua gunia la mipira na viatu alilokuwa amekuja nalo, akaliweka mezani mbele ya Kimotho.

"Viatu vya Nthambi nilivibandika jana," akasema. "Gundi haijashika. Asivae kabla ya Ijumaa."

Akaenda kuswali magharibi.

Walimleta Mwalimu Muiruri, anayefundisha shule ya msingi. Kwa kuwa asubuhi yuko darasani, mazoezi yakarudi saa kumi jioni. Hakuna aliyeomba. Mechi ya kwanza tulishinda tatu kwa bila. Macharia alikuja mpaka kibandani kusema, "Umeona? Mpishi amebadilishwa, ugali imeiva." Siku hiyo Othman aliendelea kushona.

Sambusa nilimwachia binti yangu. Kumbe iliwezekana.

Wiki chache baadaye nilimwona kaka yangu amesimama nje ya uwanja, nyuma ya seng'enge, akitazama mazoezi. Wasichana walikuwa wakikimbia mpaka vumbi likawafunika. Nilimwendea.

"Wanakimbia," akasema.

"Ndiyo."

"Saa kumi."

"Ndiyo, saa kumi."

"Wao ndio walitaka?"

Hata hapo Mwenyezi Mungu alinifungulia mlango. Nikajibu, "Mwalimu mpya anafundisha asubuhi."

Sijui kama alielewa. Nadhani alielewa kidogo na akanisubiri. Hakuuliza tena, siku hiyo wala baadaye. Tuliendelea kukutana kila siku, tukaongea bei ya unga, mahari ya binti wa jirani, paa la msikiti linalovuja. Katika chuo cha Kurani tulifundishwa tangu utotoni kwamba dhambi kati yako na Mungu unatubia kwa Mungu, lakini haki ya mtu huwezi kuisalia wala kuifungia. Unakwenda kwa mwenyewe, ukiwa hai naye akiwa hai. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikawa ninasema, nitamwambia mwezi wa Maulidi. Nitamwambia kabla ya mvua. Mwaka huu nilisema nitamwambia kabla ya Ramadhani kuingia, na zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Daktari alisema ni presha ya miaka mingi. Siku yake ilikuwa imeandikwa, na sisemi nimemuua. Nasema tu kwamba alikufa akiwa amebeba mzigo wangu.

Nilifika nyumbani saa saba. Wanaume walikuwa wanamwosha uani, nyuma ya pazia. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni wakisoma Yasini. Wasichana walifika saa nane na nusu moja kwa moja kutoka Kinanie, wakiwa na jezi zao za manjano na magoti yenye vumbi. Walikuwa wametoka sare. Walisimama kizingitini hawajui waingie ama la, mpaka Habiba alipoinuka, mjane wa tangu asubuhi ile, akafungua sanduku lake la nguo na kumpa kila mmoja leso ya kujifunika. Ya Lavender ilikuwa ikimteleza, na mama mmoja akamfungia kidevuni kama mtoto. Wakaketi kwenye mkeka, mabega yakigusana.

Baada ya kumvika sanda, Sheikh alisimama mlangoni, mgongo kwa wanawake, akasema kwa sauti ya kufika ndani na nje: "Marehemu aliishi na watu. Kama kuna aliyekosewa naye, kwa neno au kwa kitendo, tunamwomba amsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Na kama kuna anayemdai, familia yake iko hapa."

"Tumemsamehe," waliitikia wanaume wa nje.

Kaluki akaniinamia. "Meneja, na sisi tunaulizwa?"

"Mnaulizwa."

Akafikiri. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Sisi tumemsamehe. Ile maneno ya redio, tumesamehe. Na ile ya asubuhi." Wenzake wakaitikia, mmoja mmoja.

Ile ya asubuhi. Waliisema pale, maiti ikiwa chumba cha pili. Walikuwa wanamsamehe kosa ambalo hakulifanya, na kama ningenyamaza angezikwa nalo.

"Hakuna la asubuhi la kumsamehe," nikasema. "Hakujua."

"Hakujua nini?"

"Hamkumkosea, na yeye hakuwakosea. Sikumwambia. Nyinyi mliniambia nimwambie, nikasema nimemwambia, na sikumwambia. Siku ya Idi alinituma niwaulize kama mnataka saa kumi. Sikuwauliza. Nilimwambia asubuhi inawafaa. Nilikuwa na sambusa zangu za jioni."

Yasini ilikuwa imekatika. Wanawake wote walinisikia. Nthambi alianza kulia kimya, leso mdomoni.

"Tulimkasirikia karibu mwaka mzima," Kaluki akasema.

"Najua."

"Tukapita njia ya juu ndio tusimwone."

"Najua."

"Na yeye akafikiria ni sisi hatutaki kukimbia."

"Ndiyo."

Hakusema amenisamehe. Alinitazama kama anavyotazama beki aliyemwangusha. Habiba ndiye aliyeongea, kutoka pale alipokaa karibu na mlango wa chumba.

"Maryam, hayo tuambie sisi baadaye. Sasa hivi ingia umwambie mwenyewe."

"Habiba, hasikii."

"Ingia."

Niliingia na shangazi yetu. Alikuwa amelazwa, uso tu umeachwa wazi, pamba puani, harufu ya kafuri. Ndevu zake zilikuwa zimechanwa vizuri kuliko alivyokuwa akizichana. Nilipiga magoti nikamwambia yote kwa mpangilio: siku ya tatu ya mfungo, kachumbari, viatu kumi na moja, duka la Kimotho, seng'enge. Nikamwomba anisamehe. Shangazi akanigusa bega akasema wanaume wanangoja. Wakafunika uso.

Wakambeba kwenye jeneza la msikiti, la kubebea tu, juu yake nguo ya kijani. Wasichana walisimama wote pamoja wakaanza kufuata, kama wanavyofuata kwao mpaka kaburini. Ilibidi niwazuie getini.

"Wanawake hatuendi makaburini. Tunaagia hapa."

"Hatutatupa mchanga?" Nthambi akauliza.

"Hapana."

Mzee Kimotho alikuwa anapita, kofia mkononi, pamoja na Mwalimu Muiruri. Kaluki alimshika mkono wa koti.

"Mwenyekiti, ututupie. Sisi wachezaji. Kumi na moja."

"Nitatupa."

Walikuwa wamekwisha kupiga hatua kadhaa Kaluki alipomwita tena. Hakunitazama aliposema.

"Mwenyekiti. Kumi na mbili. Na ya meneja."

Adhana ya alasiri ilitolewa walipokuwa wanafika msikitini. Tulibaki getini tukiona nguo ya kijani ikipita bega hadi bega mpaka ikakata kona. Aliswaliwa, kisha akazikwa saa kumi na nusu, akiwa amelazwa kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, karibu na baba yetu. Kimotho alirudi na vumbi kwenye viatu akatuambia kaburi limefunikwa, na kwamba watu walimngoja kidogo kwa sababu alikuwa anahesabu. Habiba akawapa wasichana chai. Walipomaliza, walikunja leso zote, wakazipanga kwenye mkeka, wakaenda.